Una onyesho Desemba? Kubaliana kwanza na watu wa nyumbani

Ikifika Novemba, vijana wanaoanza matarumbeta hapa Moshi huniuliza swali lilelile: nifanye mazoezi saa ngapi kwa siku ili nisiaibike? Nami huwauliza: unakaa na nani?

Wengi wanadhani onyesho hupikwa kwenye mazoezi ya pamoja. Hata okestra kubwa za Ulaya, ambazo wapigaji wake hulipwa mshahara, hukutana siku chache tu kabla ya onyesho. Mpigaji anafika noti zake tayari anazijua. Sisi tunakutana jioni, huyu katoka dukani, mimi nimetoka zamu wodini. Kwa hiyo kazi yenyewe inafanyika nyumbani, na nyumbani kuna watu.

Mume wangu nilimwambia mapema: saa kumi na mbili hadi saa moja jioni mimi sipo, hata kama unaniona. Sufuria ikiungua saa hiyo ni yako. Mama mkwe alipokuja kututembelea, siku ya pili tu akaniuliza, "Mama, hilo pembe lako linanyamaza lini?" Nikamjibu, "Saa moja, mama." Saa moja ilipogonga nikaliweka chini, wimbo ukiwa katikati. Tangu jioni ile yeye ndiye aliyekuwa akiwafukuza watoto mlangoni kwangu. Watu hawachukii kelele kama wanavyochukia kelele isiyojulikana mwisho wake.

Kama umepanga chumba Pasua au Majengo, ambako dari ni moja na jirani, fungua kabati la nguo upulizie humo ndani. Makoti na vitenge vinanyonya sauti kuliko unavyofikiri. Usisokomeze kanga ndani ya tarumbeta: sauti inapinda, nawe unajizoeza kurekebisha kosa ambalo ukumbini halitakuwepo. Na kadiri unavyopuliza, pumzika muda uleule. Midomo ni misuli, ikichoka haisikii maombi.

Kinachotumaliza hasa ni Jumamosi. Desemba watu wote wamerudi nyumbani kutoka Dar na kwingineko, basi harusi, kipaimara na misiba vinarundikana, na kila mtu anataka matarumbeta. Upulizaji huu tumeurithi kwa Walutheri wa Ujerumani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na huko kwao nako matarumbeta hupigwa kanisani na makaburini. Msiba haukataliwi, wala simshauri mtu aukatae. Lakini kupanda Machame, kupuliza juani toka nyumbani kwa marehemu hadi kaburini, kisha Jumapili usimame kwenye onyesho na midomo imevimba, hapana. Ongea na kiongozi wa bendi mgawane: sauti ya kwanza wapokezane wawili, mmoja ubeti huu, mwingine ubeti ule. Beti za tenzi zetu ni nyingi, hakuna mfiwa atakayehesabu nani kanyamaza. Wewe mwenye kipande cha peke yako Jumapili, omba sauti ya chini siku hiyo.

Kama onyesho ni huko juu Marangu jioni, kumbuka baridi inashusha sauti ya tarumbeta. Okestra hufuata noti ya "la" inayopigwa na obo, aina ya zumari, karibu mitetemo 440 kwa sekunde. Sisi tunafuata kinanda cha umeme, na hicho hakisikii baridi. Puliza hewa ya moto ndani ya chombo chako kimyakimya kabla ya kuanza. Kikishapata joto sauti inapanda tena, basi usikimbilie kusukuma lile bomba la kusawazishia.

Makubaliano ya zamu za kazini yamalize kabla Novemba haijaisha. Mimi humpa mwenzangu asubuhi yangu ya Krismasi, yeye ananishikia Jumapili ya onyesho, na tunaandika kwenye daftari la zamu mbele ya sista wa wodi. Makubaliano ya mdomoni Desemba husahaulika haraka sana.