Kutoka faili hadi karatasi: maswali yenu kuhusu kuandaa hati za kuchapa kwa mstari wa amri

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: hati inapendeza kwenye kioo, ikifika kwenye karatasi imegeuka kitu kingine. Msimamo wangu ni mmoja na majibu yote yanauegemea. Igeuze hati iwe PDF kwanza, ifungue uitazame, ndipo uitume. Ukubwa wa karatasi, fonti na pambizo uviamue wewe mwenyewe, usiiachie mashine ikuamulie.

Fundi, nina folda yenye hati mia mbili za .docx za kuchapa. Naweza kuzigeuza zote bila kuzifungua moja moja?

Unaweza. LibreOffice, programu ya kuandikia inayosoma hati za .docx, hufanya kazi hata bila kufungua dirisha. Ingia kwenye folda hiyo, kisha andika:

`soffice --headless --convert-to pdf --outdir tayari *.docx`

PDF zote zitawekwa ndani ya folda iitwayo tayari, na hati za awali hazitaguswa. Ila funga kwanza LibreOffice kama iko wazi, kwa sababu dirisha lake likiwa linafanya kazi amri hii inaweza kunyamaza tu bila kutoa kitu, ukabaki na folda tupu.

Kazi yenyewe iko kwenye fonti. Tuseme hati iliandikwa kwa Calibri kwenye Windows, nawe unaigeuza kwenye Linux isiyo na Calibri. Programu itatafuta fonti ya kushika nafasi. Ikiikuta Carlito, huna shida, maana Carlito iliundwa kwa vipimo vya Calibri na mistari haitahama. Caladea inashika nafasi ya Cambria kwa namna hiyo hiyo, Liberation Sans ya Arial, na Liberation Serif ya Times New Roman. Zisipokuwepo itaingia fonti yoyote iliyo karibu. Hapo upana wa herufi unabadilika, mstari wa mwisho unarukia ukurasa unaofuata, jedwali linakatwa katikati, na sahihi zinabaki peke yake kwenye karatasi ambayo haina neno jingine. Kwa hiyo sakinisha fonti hizo kabla ya kugeuza, halafu hakiki matokeo:

`pdffonts tayari/mkataba.pdf`

Safu ya kwanza inakupa jina la fonti iliyotumika kweli. Tafuta pia safu yenye kichwa emb. Ikisema yes, fonti imebebwa ndani ya faili na itasafiri nayo popote. Ikisema no, kompyuta au printa itakayoipokea itajichagulia ya kwake. Hati yenye no hata moja mimi siipeleki kwa mchapaji.

Nilituma faili kwa printa, ikatoa kurasa nyingi za maandishi yasiyosomeka. Ya kwanza inaanza na %!PS-Adobe-3.0. Je, printa imeharibika?

Haijaharibika. Ulichokiona ni programu ya kompyuta iliyochapwa kama ilivyo. PostScript, iliyotolewa na Adobe mwaka 1984, ni lugha kamili ya kuelezea ukurasa: nenda sehemu hii, chukua fonti hii, andika maneno haya, toa karatasi. Vipimo vyake ni pointi, na inchi moja ina pointi 72. LaserWriter ya Apple ya mwaka 1985 ilikuwa na uwezo wa kuisoma lugha hiyo ndani yake. Printa nyingi ndogo za leo hazina uwezo huo, kwa hiyo zinapopelekewa maagizo hayo yakiwa ghafi zinayachukua kuwa maandishi ya kawaida na kuyachapa yote, ukurasa baada ya ukurasa.

Sitisha kazi zako zote zilizo kwenye foleni kwa `cancel -a`, halafu igeuze faili:

`ps2pdf -sPAPERSIZE=a4 barua.ps barua.pdf`

Anayefanya kazi nyuma ya amri hiyo ni Ghostscript, programu iliyoanzishwa na L. Peter Deutsch mwaka 1988 na ambayo bado ni nguzo ya shughuli hizi zote. Baada ya hapo tuma kwa `lp barua.pdf`, CUPS, mfumo unaosimamia uchapaji kwenye kompyuta, utaitafsiri PDF kwa lugha ya printa yako. Ikiwa PDF nayo inatoka ovyo, basi foleni ya printa imewekwa bila kiendeshi chake, yaani programu inayojua lugha ya printa hiyo. Iondoe, uiongeze upya.

Natumia enscript kugeuza maandishi ya kawaida yawe PostScript. Kila penye "ng'ombe" au "ng'ambo" panatokea alama za ajabu. Neno lisilo na ng' linatoka sawa. Kwa nini?

Swali hili nimelipenda, kwa sababu linamgusa kila anayeandika Kiswahili kwenye kompyuta. Karibu herufi zetu zote zimo kwenye ASCII, orodha ya zamani ya herufi za msingi za kompyuta, kwa hiyo hitilafu ya usimbaji (jinsi herufi zinavyohifadhiwa kama namba) inaweza kujificha kurasa nyingi hadi ikutane na ng'. Programu za kuandikia hupenda kubadilisha ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Iliyonyooka ni baiti moja. Iliyopinda, katika UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote, ni baiti tatu. Enscript hutarajia kila herufi iwe baiti moja, basi hizo tatu inazisoma kama herufi tatu tofauti. Ndipo unapokutana na kitu kama ngâ€™ombe.

Njia ya kwanza ni kuinyoosha alama kabla ya kuchapa. Kwenye Linux:

`iconv -f UTF-8 -t ISO-8859-1//TRANSLIT barua.txt | enscript -M A4 -B -p barua.ps`

Hapo -B inaondoa kichwa cha ukurasa ambacho enscript hukiweka yenyewe, na -p inataja faili ya matokeo. Njia hii inatosha kama maandishi ni Kiswahili kitupu. Lakini kama kuna Kiarabu, majina yenye alama za lugha nyingine, au alama za hesabu, achana na enscript utumie paps, ambayo inaielewa UTF-8 tangu mwanzo:

`paps --paper=a4 barua.txt > barua.ps`

Kwa hati mpya ningeanza na paps moja kwa moja. Enscript ni chombo kizuri chenye umri mkubwa, na waandishi wa Kiswahili tusikubali ng' iendelee kuharibika kwa ajili ya mazoea tu.

Kwa nini PDF niliyotumiwa inakatwa pembeni, ilhali kwenye kioo imekamilika?

Yaelekea imetengenezwa kwa karatasi ya Letter, nawe unachapa kwenye A4. Letter ni milimita 216 kwa 279. A4 ni 210 kwa 297. Moja ni pana zaidi, nyingine ni ndefu zaidi, kwa hiyo ukiilazimisha Letter iingie kwenye A4 kwa ukubwa wake kamili, pembeni panaliwa. Usikisie. Endesha `pdfinfo hati.pdf` usome mstari wa Page size: 612 kwa 792 ni Letter, 595 kwa 842 ni A4.

Ukishathibitisha, itengeneze upya:

`gs -o hati-a4.pdf -sDEVICE=pdfwrite -sPAPERSIZE=a4 -dFIXEDMEDIA -dPDFFitPage hati.pdf`

Kurasa zitapunguzwa kidogo zikae ndani ya A4. Ukiwa na haraka, `lp -o fit-to-page hati.pdf` inasaidia, ila hutaona matokeo hadi karatasi itoke, na hilo ndilo ninalokushauri ulikwepe.

Nataka kuchapa msimbo wa programu yangu nikaupitie kwa kalamu. Nitumie nini?

a2ps. Bila kuambiwa lolote, huilaza karatasi, hupanga kurasa mbili upande kwa upande, na huweka jina la faili juu. Kwa kusoma msimbo mpangilio huo unafaa sana:

`a2ps --medium=A4 --line-numbers=1 -o msimbo.ps hesabu.py`

Namba za mistari usiziache, maana bila hizo maandishi ya kalamu yako hayatakuwa na pa kurejea kwenye kioo. Ukitaka ukurasa mmoja uliosimama, ongeza -1. Na usisahau -o: kwa kawaida a2ps bila hiyo hupeleka kazi moja kwa moja kwa printa.

Ukurasa wa mwongozo wa amri, ule wa man, unachapikaje?

`man -t ls | ps2pdf -sPAPERSIZE=a4 - ls.pdf`. Basi.

PDF yangu imejaa picha na ni nzito mno, foleni inakwama. Naipunguzaje bila kuharibu?

`gs -o nyepesi.pdf -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/printer nzito.pdf`

Chaguo la /printer hushusha picha za rangi hadi nukta 300 kwa inchi, kiasi kinachotosha kwa karatasi. /ebook hushusha hadi 150, na /screen hadi 72. Hiyo ya mwisho iache kwa ajili ya kioo. Picha zake zikichapwa hutoka na ukungu. Maandishi hayaathiriki, kwa kuwa hayahifadhiwi kama picha, isipokuwa hati iwe imeskaniwa. Ya kuskaniwa usiishushe chini ya 300.

Nataka kijitabu: karatasi za A4 zikunjwe katikati. Nimejaribu, upande wa nyuma ukatoka kichwa chini.

Mpangilio wa kurasa iachie pdfjam, programu ya kupanga upya kurasa za PDF:

`pdfjam --booklet true --landscape --paper a4paper -o kijitabu.pdf hati.pdf`

Kila karatasi itabeba kurasa nne, kwa hiyo hati yenye kurasa kumi itapata mbili tupu ili ifike kumi na mbili. Hizo tupu hujitokeza mwishoni, na kama unataka ziwe kwingine ziweke mwenyewe kwenye hati kabla ya kugeuza.

Kuhusu kichwa chini, printa ya pande mbili inahitaji kujua karatasi itageuzwa kwa ukingo upi. Hati ya kawaida iliyosimama hugeuzwa kwa ukingo mrefu. Kijitabu kimelazwa, kwa hiyo ni ukingo mfupi:

`lp -P 1-2 -o sides=two-sided-short-edge kijitabu.pdf`

Hapo -P 1-2 inachapa karatasi ya kwanza peke yake, pande zote mbili. Ikunje, angalia kama ukurasa wa pili uko nyuma ya wa kwanza na umesimama sawa, kisha ondoa -P utume kitabu kizima.