Meli ikitia nanga, mimi nashuka

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza hivi: meli ya kitalii ikitia nanga kwa siku moja kwenye kisiwa cha mchanga, kisicho na mji wala soko, abiria ashuke au abaki melini? Msomaji mmoja amekwisha kujibu kwamba abaki, kwa sababu siku hiyo bwawa la melini halina watu na chakula hakina foleni. Mimi nasema ashuke. Ashuke na boti ya mapema kabisa, avue viatu, aingie majini, na asihangaike kutafuta vya kuona.

Nasema kutokana na kisiwa nilichokikanyaga. Chama chetu cha akina mama, hapa Umoja, Nairobi, kilikuwa kimezoea kugawana sufuria na blanketi kila Desemba. Safari hii tukakataa vyombo. Tukachanga, tukangoja, tukachanga tena, hadi tukapanda ndege kwenda Dubai na kuingia melini. (Kuna waume waliodhani ni mchezo hadi walipoona mabegi mlangoni.) Meli hizo hupendelea Ghuba wakati wa baridi ya kule, tangu mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, maana kiangazi chake hakikaliki. Kati ya miji yenye maghorofa na maduka, tulipewa siku moja kwenye Sir Bani Yas, kisiwa cha Abu Dhabi kilicho mbali upande wa magharibi, karibu na Jebel Dhanna. Ufuo wa wageni wa meli ulifunguliwa huko mwaka 2016.

Siku yenyewe huamuliwa kwenye boti. Meli husimama mbali kidogo na watu hushushwa kwa boti, mara nyingi zile zile za kuokolea abiria zinazoning'inia ubavuni mwake. Unachukua nambari, unakaa ukumbini, unangoja kuitwa. Meli ina maelfu ya watu na boti moja haimezi hata mia mbili, kwa hiyo hesabu unaiona mwenyewe. Waliokula kifungua kinywa bila haraka walifika ufukweni jua likiwa utosini na viti vya kivulini vimekwisha. Sisi tuliozoea kuamka saa kumi na moja ili kuwahi gari la mjini hatukuhitaji somo. Mweka hazina wetu alipita mlango kwa mlango: "Wamama, inukeni. Hapa hakuna makanga wa kuwaambia ingine iko nyuma."

Tena kuna siku boti haziendi kabisa. Upepo wa kaskazini-magharibi, ule Waarabu wanaouita shamal, ukishika kasi, boti haiwezi kukaa salama ubavuni mwa meli watu wakipanda na kushuka. Nahodha anafuta kituo na mnaendelea na safari. Kwa hiyo mtu ambaye bahari imemtulia, boti inamngoja, naye bado anafikiria bwawa la ghorofa ya juu, mimi simwelewi.

Ufukweni mambo ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Viti vya kulalia na miavuli tulivikuta vimepangwa, havilipiwi. Chakula cha mchana kilitoka melini na kilikuwa ndani ya nauli: nyama ya kuchoma, saladi, mkate, matunda. Vilivyolipiwa ni vibanda vya faragha, kukandwa mwili na matembezi ya magari. Kuhusu vinywaji, uliza mapema kama mpango uliolipia melini unafanya kazi na nchi kavu, maana hapo ndipo watu hushtukia bili jioni. Pesa taslimu hazina kazi, unaonyesha kadi ya chumba chako tu.

Kijana aliyekuwa akipanga viti alitusikia tukibishana kwa Kiswahili kuhusu kivuli, akaangua kicheko. Kumbe wa kwetu, mtoto wa Bungoma. "Karibuni, mama zangu," akasema. "Kaeni ule upande wa mwisho. Huku mchana upepo utawajazia mchanga kwa sahani." Alituuliza bei ya unga kabla hata hajatuuliza tumetoka mtaa gani. Tukahamia upande wa mwisho, na kweli baada ya chakula tuliwaona wenzetu wa upande wa pili wakifukuzana na kofia.

Basi tukakaa. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mtu wa Nairobi hajui kukaa. Mmoja wetu alimaliza dakika kumi hivi kitini, akaketi wima, akauliza, "Sasa tunafanya nini?" Tukamwambia hatufanyi kitu. Akauliza tena, kama mtu aliyesikia vibaya. Nyumbani hata Jumapili ina kazi zake: kanisa, mboga za wiki, sare za shule, mazishi ya mtu wa kijijini yanayochangiwa kwenye simu. Pale hapakuwa na duka la kuingia, hapakuwa na mgeni wa kupikiwa, na hapakuwa na mtu wa kutuuzia kitu. Ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta kule Mombasa huwezi kulala chali bila kuletewa ngamia wa kupanda, boya la kukodi, shanga na mabuyu. Siwalaumu, wanatafuta riziki, na mabuyu yao nayanunua. Lakini siku moja bila kusema "hapana, asante" ina thamani yake, na nadhani hilo ndilo tulilolilipia kuliko chakula na maonyesho yote ya jioni.

Maji nayo yana habari yake. Msidanganywe na jua la Arabuni. Januari maji ya Ghuba ni nyuzi 20 na kitu, wakati pwani yetu mwezi huo huo ni kama 28. Tulipiga kelele zote tulizonazo. Halafu mwili ukazoea, na tukagundua jambo la pili: unaelea. Ghuba ina mvukizo mkubwa, mito michache, na mlango mwembamba wa Hormuz wa kubadilishana maji na bahari kuu, kwa hiyo chumvi yake hupita gramu 40 kwa kila kilo ya maji. Huku kwetu ni kama 35. Ukiambiwa hesabu hiyo utaona ni ndogo, lakini mgongo unaihisi, na macho pia ukiyafumbua chini ya maji. Kwenye chama chetu wanaojua kuogelea wanahesabika, wengi tumelelewa bara ambako mto ulikuwa wa kuchota maji na kuogopwa. Pale maji ni ya kina kifupi kwa hatua nyingi, yamezungushiwa kamba, na walinzi wamekaa juu ya minara wakitazama. Mama mwenye wajukuu, ambaye Mombasa huishia kulowesha vifundo vya miguu, alilala chali juu ya maji akiwa na kofia yake kichwani. Huyo msomaji wa bwawa la melini akumbuke kwamba bwawa hilo ni dogo, na siku meli inaposafiri linajaa watoto.

Pwani yetu bado ni tamu zaidi, mnielewe. Ila bahari yetu ina ratiba yake: wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita nne, na ukifika yamekupwa utatembea juu ya mwani na miiba ya baharini ukitafuta pa kuzama magoti. Ukiwa na wiki nzima Diani, unangoja maji yajae. Ukiwa na siku moja tu, ufuo usio na kupwa kukubwa hivyo unakufaa.

Sasa niseme kuhusu matembezi ya wanyama, maana ndiyo yaliyotangazwa zaidi melini. Sheikh Zayed, mtawala wa Abu Dhabi na rais wa kwanza wa Falme za Kiarabu, alikigeuza kisiwa hicho kuwa hifadhi katika miaka ya 1970. Alipanda miti kwa wingi kwenye ardhi isiyo na mto, akaleta wanyama, na leo kuna maelfu yao, wengi wakiwa swala. Kuna duma. Kuna twiga. Tangazo lilipofika kwenye twiga, meza yetu ilishindwa kujizuia. Kisiwa kizima kina kama kilomita za mraba 87, Mbuga ya Nairobi ina 117, na twiga wake tunawaona tukipita barabarani kwenda Mombasa bila kulipa hata shilingi. Tuvuke bahari tukalipie kwa dola kuona twiga? Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kila kitu ni sawa.

Hata hivyo nitakuwa mkweli kwa upande mmoja. Choroa wa Uarabuni, yule mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka, hayupo Isiolo wala Samburu, sisi tuna wa kijivu. Wa mwisho porini alipotea mwaka 1972, akabaki wa kufugwa tu, kisha akaanza kurudishwa jangwani huko Oman mwaka 1982. Kufikia 2011 alikuwa amepona kiasi cha kushushwa daraja kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Mamia yao wako Sir Bani Yas. Kama wewe ni mtu wa wanyama na una siku ya pili, mfuate huyo. Kama ni mtu wa kanisa, kuna mabaki ya monasteri ya Wakristo wa Mashariki, ya karne ya 7 na 8, yaliyogunduliwa mwaka 1992. Lakini sisi tulikuwa na siku moja. Gari la matembezi linakula saa kadhaa, na ukijumlisha foleni mbili za boti unabaki na muda wa kupaka mafuta ya jua na kuyanawa.

Hoja moja ya wapinzani wangu naikubali. Kisiwa cha namna hii si nchi uliyoitembelea. Ni ukumbi wa meli uliohamishiwa mchangani. Kampuni za meli zimeupenda mtindo huu tangu zamani: huko Bahamas kisiwa cha Great Stirrup Cay kilichukuliwa na kampuni ya meli mwaka 1977, Labadee ya Haiti ikafuata mwaka 1986, na Little San Salvador ikanunuliwa mwaka 1996. Sababu haihitaji mchumi. Abiria akishuka mjini anakula kwa mama ntilie na kununua kwa muuza vitambaa, lakini akishuka kisiwani kwa kampuni, shilingi yake inazunguka na kurudi kwa aliyemleta. Anayetaka kisiwa chenye wenyewe aende Lamu. Au achukue treni hadi Mombasa, aendelee kwa gari hadi Shimoni na avuke kwenda kisiwa cha Wasini, ambako hakuna gari hata moja, akina mama wa kijiji wamejenga daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe na kiingilio ni chao, na mchana unakula kaa na wali wa nazi baada ya kuogelea kwenye hifadhi ya bahari ya Kisite. Siku hiyo nayo naipendekeza kwa mikono miwili, na haihitaji viza.

Viza ndiyo nataka iwe ya mwisho kwa wanaopanga safari ya Ghuba. Meli ikitoka kwenye maji ya Falme za Kiarabu, ikaenda Qatar au Bahrain na kurudi, wewe unahesabiwa umeingia tena. Hakikisha viza yako inaruhusu zaidi ya mara moja kabla ya kulipa chochote, na hilo liulizwe kwa maandishi, si kwa simu. Beba koti jepesi, maana upepo wa kurudi kwa boti jioni ni mkali na nguo imelowa. Na usingoje boti ya mwisho, maana kila mtu anaingoja hiyo hiyo. Sisi tuliondoka saa moja hivi kabla yake, tukakuta bwawa la melini bado halina watu, tukaingia na mchanga wetu.