Fundi wa jenereta kutoka India: viza ya kazi ya siku chache

Sheikh wangu, umeuliza kama fundi wenu wa jenereta atapata viza akishashuka Uwanja wa Ndege wa Karume, Zanzibar. Anaweza, lakini bora aombe mapema mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji. Achague viza ya biashara: dola 250, kikomo siku 90. Wengi hukwama hapo, maana viza ya utalii ni dola 50, basi huiona nafuu. Halafu mtu anakutwa na spana mkononi, jenereta limefunuliwa, na viza yake yasema amekuja kutembea. Hapo ni kosa, naye mwenyeji wake hasalimiki. Tafadhali msimtie mgeni katika balaa hilo.

Mwandikieni barua ya mwaliko itaje kazi yenyewe, mahali, na tarehe ya kuanza na kumaliza. "Kikazi" tupu haitoshi. Aambatishe kopi ya leseni yenu ya biashara. Pasipoti iwe na miezi 6 mbele. Bima ya kuingia Zanzibar, dola 44, hulipwa peke yake, viza haiijumuishi.

Kazi ikipita siku 90, anzeni mapema kibali cha kazi na cha ukaazi daraja B, yaani cha mgeni aliyeajiriwa.