Kutoka Upolisi hadi Siasa za New York: Wastaafu Wanakwama Wapi

Askari mstaafu akitangaza kugombea, kitu cha kwanza anachotaja ni miaka aliyovaa sare. Watu watamsikiliza, ila sare haimwingizi mtu kwenye karatasi ya kura. Kwa wenzetu walioko New York wanaoifikiria njia hii, mfano wa kuusoma ni Eric Adams. Aliingia polisi 1984, akastaafu 2006 akiwa kapteni, akawa seneta wa jimbo kuanzia 2007, mkuu wa Brooklyn, sehemu mojawapo ya jiji, kuanzia 2014, kisha meya wa jiji 2022 hadi 2025. Kinachosahaulika ni mwaka 1994. Akiwa bado askari alitaka kumng'oa mbunge wa Kongresi, Major Owens, na hakufika hata kwenye kura ya mchujo wa chama kwa sababu ya sahihi, yaani zile za wapiga kura ambazo mgombea lazima azikusanye ili jina lake liingie kwenye karatasi ya kura.

Kabla ya sahihi, hakikisha unaruhusiwa. Sheria ya shirikisho iitwayo Hatch ilirekebishwa 2012, na sasa mtumishi wa mji au jimbo huzuiwa kugombea uchaguzi wa vyama pale tu mshahara wake wote unapotoka serikali kuu. Zamani kulikuwa na vituko: askari mmoja wa Pennsylvania alizuiwa kugombea bodi ya shule kwa kuwa mbwa aliyefanya naye kazi aligharimiwa na serikali kuu. Kanuni za idara yako zinaweza kuwa kali zaidi, kwa hiyo muulize mwanasheria, usimuulize sajini. Halafu anwani. Bunge la jimbo linataka uwe umekaa New York miaka 5, na kwa kawaida miezi 12 ndani ya wilaya unayogombea. Adams mwenyewe alipekuliwa 2021, wanahabari wakiuliza kama analala Brooklyn au ng'ambo ya mto, Fort Lee, New Jersey.

Sasa sahihi. Kwa mchujo wa chama, baraza la jiji linahitaji 450, bunge dogo la jimbo 500, seneti ya jimbo 1,000. Lenga mara tatu ya idadi hiyo, maana wapinzani wana siku 3 tu baada ya wewe kuwasilisha fomu kuweka pingamizi, na watu wao huwa wameshajipanga. Sahihi hufa kwa mambo madogo: aliyetia sahihi ni wa chama kingine, anakaa upande wa pili wa barabara, ambako ni wilaya nyingine, alishamtilia mpinzani wako siku mbili kabla, na ya kwanza ndiyo inayohesabiwa, tarehe imefutwa ikaandikwa tena bila vifupisho vya jina pembeni. Chini ya kila karatasi kuna tamko la shahidi aliyekusanya. Akikosea idadi ya sahihi hapo, anaweza kuiponza karatasi nzima. Kwa hiyo usisimame kwenye stesheni ya treni, ambako wapitao wengi si wa wilaya yako. Chukua orodha ya wanachama waliojiandikisha, ubishe hodi mlango kwa mlango, na kila jioni mtu asiyekusanya azikague karatasi kwa kuzilinganisha na orodha.

Kwenye pesa, askari huponzwa na marafiki zake. Jiji humwongezea mgombea dola 8 za umma kwa kila dola anayochangiwa na mkazi wa jiji. Kwa baraza la jiji, hadi dola 175 za kwanza kwa kila mchangiaji. Katika uchaguzi wa 2025 mgombea wa baraza alitakiwa kwanza kufikisha dola 5,000 na wachangiaji 75 wa wilaya yake, kila mmoja angalau dola 10. Wenzako wa kituoni wanaoishi Nassau au Suffolk, kaunti za Long Island zilizo nje ya jiji, wanaweza kuchanga, ila pesa yao haiongezewi hata senti. Dola 10 ya mama muuza duka wa mtaani kwako ina uzito kuliko 50 ya inspekta wa Long Island. Na kila mtu atoe pesa yake mwenyewe. Mashtaka ya shirikisho dhidi ya Adams ya Septemba 2024 yalihusu, pamoja na mengine, wachangiaji wa bandia, yaani watu wanaotoa kwa majina yao pesa ya mtu mwingine. Yalifutwa Aprili 2025, lakini bodi ya fedha za kampeni ilikuwa imeshamnyima pesa za umma Desemba 2024.

Mwisho ni faili lako. Tangu Juni 2020, New York ilipofuta kifungu cha 50-a, sheria iliyozifanya siri, rekodi za nidhamu za polisi zinaweza kutolewa kwa umma. Omba nakala yako kabla mpinzani hajaiomba, uandike maelezo mafupi ya kila lalamiko, hata lililotupwa. Wala usidhani upolisi utakukinga: Tom Bradley alitumikia polisi ya Los Angeles miaka 21, na bado alipogombea umeya wa jiji hilo mwaka 1969, meya aliyekuwepo, Sam Yorty, alimchafua kuwa ni adui wa polisi na akamshinda. Bradley alirudi 1973 akashinda, akakaa umeya miaka 20. Ugavana wa California aliugombea mara mbili, 1982 na 1986, na mara zote alishindwa.