Jibu: Modeli ya ndege ya kivita F-14 (1/32, yaani ndogo mara 32 kuliko ndege halisi) imeinama upande mmoja juu ya sitaha

Habari mkuu. Unasema Tomcat yako, yaani hiyo F-14, imeinama kushoto tangu uiweke kwenye ubao ulioigiza sitaha ya manowari, na unataka kung'oa magurudumu. Ngoja kwanza. Weka rula juu ya sitaha yenyewe. Yangu ilikuwa plaiwudi nyembamba. Nilipaka rangi upande wa juu tu, ikapinda kama kigae. Nikapaka na chini, nikailaza chini ya matofali siku mbili, ikanyooka.

Ubao ukiwa sawa, legeza ile minyororo ya kufungia ndege. Ukiikaza sana inavuta mguu wa plastiki unaoshika gurudumu taratibu. Mdude wa sentimita 60 huo, una uzito wake! Miguu ya chuma sijawahi kuijaribu.