Nguo za kazi zinafuliwa wapi? Maswali yenu na majibu

Nimerudi kazini kwenye mgahawa hapa Isevya baada ya likizo ya siku 84. Bosi anasema habari ya kwenda kunyonyesha hataki kuisikia, nisubiri muda wa kutoka. Mtoto ana miezi mitatu. – Mama Mchanga, Tabora mjini

Hongera kwa mtoto, mdogo wangu, na pole kwa usumbufu. Ruhusa unayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akuache unyonyeshe ndani ya muda wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Hakufanyii hisani. Nimewaona akina mama saa nne asubuhi, blauzi imelowa kifuani, wamejifunika kitenge huku wanahudumia wateja. Titi likijaa bila kunyonywa wala kukamuliwa huwa gumu, huuma, homa hupanda, na maziwa yenyewe huanza kupungua. Huko nyumbani bibi anaona mtoto analia, anamkorogea uji kabla ya miezi sita, na kuhara kunaanzia hapo.

Mwandikie bosi barua fupi, ubaki na nakala. Akikataa, nenda kwa afisa kazi wa mkoa. Nyumbani kukiwa mbali, mtoto aletwe, au ukamue kwenye chombo safi chenye mfuniko.

Mimi ni kibarua wa tumbaku Kaliua. Tunaingia kuchuma alfajiri, umande haujakauka. Jioni natapika, kichwa kinazunguka, usingizi sipati. Nimepima malaria mara mbili, sina. Msimamizi anasema ni pombe. – Kaka wa Kaliua

Pole sana, kaka. Kwa ulivyoeleza, naona dalili za nikotini, sumu iliyomo kwenye tumbaku. Ile iliyomo kwenye jani bichi huyeyuka kwenye maji, yawe ya umande, ya mvua au jasho lako mwenyewe, kisha hupenya kwenye ngozi. Huhitaji kuvuta hata sigara moja. Kutapika, kizunguzungu, kichwa kuuma na mwili kulegea kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili ukikaa mbali na majani, na ukirudi kuchuma hurudi. Malaria uendelee kupima kila homa inapokupata, kwetu huku si ya kudharau. Ukitapika mfululizo au kupumua kukiwa kwa shida, wahi kituo cha afya na uwaambie unachuma tumbaku.

Shida kubwa iko kwenye ratiba. Kuchuma kukianza majani yakishakaukiwa umande, wengi wenu mtapona bila dawa. Najua msimamizi atasema bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, lazima lijae leo. Lakini mtu anayetapika halijazi bani. Ombeni glavu na makoti ya mvua. Vifaa vya kinga ni wajibu wa mwajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iko wazi. Na shati la mikono mirefu likishalowa halikukingi tena, linakugandisha na sumu. Libadilishe.

Sasa tazama viganja vyako jioni. Ile gundi nyeusi inayonata, inayogoma hata kwa sabuni, imejaa pia kwenye shati na suruali. Nani anazifua? Kwa nyumba nyingi ni mke, kwa mikono mitupu, tena kwenye beseni lile lile anamoogeshea mtoto. Na watoto wanapomwona baba anarudi humrukia kabla hajavua kitu. Tengeni beseni la nguo za shamba peke yake. Oga, badili nguo, ndipo umbebe mtoto. Mkeo akiwa mjamzito asichume kabisa, na mtoto chini ya miaka 18 hana ruhusa ya kufanya kazi ya hatari kama hiyo. Pale shambani mdai pipa la maji, sabuni na uzio wa nyasi wa kubadilishia nguo. Hili hata mwenye shamba mdogo analiweza.

Mke wangu amejifungua kwa upasuaji. Nina siku ngapi za likizo? – Baba wa Ipuli

Tatu, uzichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kwa mwanamke aliyepasuliwa ni chache mno, na ningependa sheria ibadilishwe. Omba siku nyingine kutoka likizo yako ya mwaka, ambayo ni 28. Ndoo za maji beba wewe.

Mwenzetu karakanani anakohoa mwezi sasa, amekonda. Haendi kupima kwa sababu asiyefika kazini hukatwa siku. – Fundi, Urambo

Mpelekeni kesho. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili hupimwa kifua kikuu, na katika vituo vya serikali vipimo na dawa ni bure. Akipeleka cheti cha daktari, mwajiri hana ruhusa ya kumkata: katika kila kipindi cha miezi 36 mfanyakazi ana siku 126 za ugonjwa, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mwonyesheni bosi hesabu hiyo. Yeye pia anavuta hewa ya karakana hiyo, kama ninyi, na watoto wenu wanaishi na mnachokipeleka nyumbani. Fungueni madirisha leo leo, na wanaokaa naye nyumba moja nao wapimwe.