Ile 20 kwenye chati

Fungua chati za wodi yoyote, uangalie mstari wa pumzi. Mara nyingi utakuta 20 asubuhi, 20 mchana, 20 usiku, kitanda hadi kitanda. Mimi pia nimewahi kuiandika bila kuhesabu, na nyinyi wauguzi mnaoanza kazi nawaomba msifanye hivyo.

Nilikuwa shifti ya usiku katika hospitali moja hapa Mombasa, mwaka wangu wa kwanza. Kulikuwa na bibi mwenye nimonia, mikono imejaa piko hadi kwenye kucha, kwani wiki ile alikuwa ameoza mjukuu. Nikambana kipima oksijeni kidoleni, kikasoma oksijeni ya damu asilimia 79. Nilijua piko huzuia mwanga wa kifaa kile, nikahamia kidole cha mguu ambacho hakikupakwa, ikaja 93. Moyo ukatulia. Nikaandika 93, nikaandika pumzi 20, nikaenda kitanda cha pili.

Saa nane usiku akaniita: "Niinue mwanangu, nikilala nafa."

Hapo ndipo nilipotazama saa na kifua chake kwa dakika nzima. Pumzi 36. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ikifika 25, daktari aitwe. Ile 93 bibi alikuwa akiishikilia kwa kuhema, na misuli ikichoka, oksijeni huporomoka ghafla. Pumzi hupanda kwanza, kifaa huonyesha baadaye.

Kwa hiyo hesabu dakika nzima. Mshike mgonjwa kifundo cha mkono kana kwamba unapima mapigo, maana akijua unahesabu pumzi atazibadilisha. Na usihesabu juu ya buibui na leso mbili. Vuta pazia, omba ruhusa kwa heshima, funua kidogo. Utaona mengine papo hapo: mbavu zinazoingia ndani, shingo inayokakamaa, pua zinazotanuka. Mwongeleshe. Akikata sentensi katikati ili avute hewa, tayari ameshakujibu.

Kabla hujakimbilia mtungi wa oksijeni, mketishe. Inua kichwa cha kitanda, na kama hakiinuki kunja leso na mito nyuma ya mgongo. Chunga asiteleze, kwani akishuka hadi kiuno kikajikunja, tumbo linasukuma kifua na umerudi pale pale. Wengine hupata nafuu wakiinama mbele juu ya mto uliowekwa mezani. Bibi yangu alipumua afadhali kwa kuketi tu, kabla hata daktari hajafika.

Oksijeni ni dawa, ina kipimo. Mrija wa puani huchukua lita 1 hadi 5 kwa dakika. Maski ya kawaida isiwe chini ya lita 5, la sivyo mgonjwa atavuta tena hewa aliyoitoa. Yenye mfuko huhitaji 10 hadi 15, na mfuko uwe umejaa kabla hujamvisha. Kwa wagonjwa wengi tunalenga kifaa cha kidoleni kisome asilimia 94 hadi 98, lakini mwenye mapafu yaliyochakaa kwa miaka ya sigara au moshi wa kuni, 88 hadi 92 huwa inamtosha, kwani oksijeni ikizidi hewa chafu inaweza kujaa mwilini akalala usingizi mzito. Waeleze ndugu mapema, kwa upole. Wengi huongeza koki kwa mapenzi, na ukiwakemea watangoja uondoke.

Kwa watoto, hesabu akiwa ametulia, si akilia. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 ni za haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Kifua cha chini kikiingia ndani, usingoje kuhesabu mara ya pili.

Bibi alikaa wodini siku kumi na moja. Siku ya kuruhusiwa, binti yake aliniuliza kama wanaweza kufukiza udi nyumba nzima kumpokea, maana ndivyo alivyozoea. Nikamwambia wafukize sebule peke yake, asubuhi mapema, madirisha yote wazi, na chetezo kitolewe nje kabla mama hajafika. Chumbani kwake, asumini juu ya mto.